Je, Wajua? Kabla ya Samaki, Fuga Bakteria

Je, wajua kwamba samaki wengi wanaokufa ndani ya tangi jipya hawauawi na njaa wala maradhi? Wanauawa na sumu waliyoitoa wenyewe.

Mtu hununua tangi la kioo Jumamosi asubuhi. Hulijaza maji ya bomba, akamwaga kokoto za rangi, akasimamisha kijumba cha plastiki, na jioni hiyohiyo samaki sita wanaogelea sebuleni, watoto wameganda mbele ya kioo. Wiki haiishi samaki wamepanda juu wakitweta, matamvua yamewawia mekundu, kisha mmoja mmoja wanageuka tumbo juu. Mwenye tangi humlaumu muuzaji, muuzaji huyalaumu maji, na maji yenyewe ukiyatazama yako safi kama ya kunywa.

Mchawi ni amonia, na haina rangi. Samaki huitoa mchana na usiku, na sehemu kubwa hutoka kupitia matamvua, palepale anapovutia hewa. Kinyesi chake na chakula kilichobaki chini vikioza, amonia huongezeka. Ziwani hupotelea katika maji mengi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo ndilo wengi huanza nalo, hubeba lita 54 tu, na humo amonia haina pa kwenda.

Haina pa kwenda, yaani, mpaka wapatikane wa kuila. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wapo wengine wanaoichukua nitriti hiyo wakaifanya nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia ikiwa si nyingi. Wote hawa hawapo katika tangi jipya, au wapo wachache mno. Kuwangoja waongezeke ndiko wafugaji wazoefu wanakokuita kukomaza tangi, na huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Bakteria wa kawaida wa tumboni, E. coli, akipata chakula na joto hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Hawa wa amonia huhitaji saa nyingi, mara nyingi siku nzima au zaidi, kwa sababu chakula chao kina nguvu kidogo sana. Hakuna namna ya kuwakemea waharakishe.

Je, wajua kwamba subira hii ilionekana maabara miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuwaona bakteria wenyewe? Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walijaza mchanga na unga wa chokaa katika bomba refu la kioo, wakawa wanapitisha humo maji machafu polepole. Kwa siku 20 hakuna kilichobadilika: amonia iliingia na amonia ikatoka. Kisha nitrati ikaanza kuonekana, na muda si muda amonia yote ikawa inageuzwa. Wakapitisha mvuke wa klorofomu, kazi ikasimama. Wakamimina maji yaliyokorogwa na udongo kidogo wa bustani, kazi ikaanza upya. Ndipo walipojua kwamba humo ndani mna kitu hai, kwa maana mchanga na chokaa havilewi klorofomu. Ukiuondoa huo mvuke, jaribio lao halina tofauti na kinachotokea nyuma ya kioo chako: kimya cha wiki kadhaa, halafu mabadiliko ya ghafla.

Aliyewatenga bakteria wenyewe ni Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv, alipokuwa akifanya kazi Zürich mwaka 1890. Wenzake walikuwa wakishindwa kwa sababu waliwapikia vyakula vinono vya maabara, jelatini na supu, ambavyo viliwanenepesha bakteria wengine. Winogradsky aliwanyima vyote hivyo. Aliwapa amonia, madini na hewa ya kaboni, basi. Nao wakastawi, wakijenga miili yao bila mwanga wa jua na bila kula mmea wala mnyama, jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni kabisa katika elimu ya viumbe.

Baada ya hapo vitabu vilitulia. Kwa karibu karne nzima mfugaji wa samaki alifundishwa majina mawili: Nitrosomonas anaila amonia, Nitrobacter anaila nitriti. Chupa za bakteria ziliuzwa kwa majina hayo. Kumbe jina la pili halikuwa sahihi. Mwaka 1996 na tena 1998, Timothy Hovanec na wenzake, Marekani, walichunguza vinasaba vya bakteria katika matangi ya maji baridi wakamkosa Nitrobacter. Anayekula nitriti humo ni Nitrospira. Mwaka 2005 kokoto za tangi la samaki wa bahari ya joto katika akwariamu ya Seattle zilitoa kiumbe ambacho si bakteria hata kidogo. Ni akea, kundi jingine kabisa la viumbe wadogo, na kazi yake ni ileile ya kula amonia. Kikaitwa Nitrosopumilus maritimus. Miaka michache baadaye jamaa zake wakaonekana wamejaa katika machujio ya matangi ya nyumbani.

Halafu ukaja mwaka 2015, na hapo napenda kukaa kidogo. Tangu Winogradsky iliaminika kwamba kazi hii lazima igawanywe: mmoja anaanza, mwingine anamaliza. Desemba mwaka huo makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwa pamoja kwamba wapo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao, kuanzia amonia hadi nitrati. Kundi moja liliwapata katika utando uliokua ndani ya bomba la maji moto yanayotoka ardhini kusini mwa Urusi. Kundi la pili, la Uholanzi, liliwatoa kwenye chujio la tangi la kufugia samaki aina ya kapu. Yaani kiumbe aliyepindua mafundisho ya zaidi ya miaka 100 alikuwa amekaa ndani ya chujio la samaki, mahali ambapo mtu husuuza uchafu akamwaga.

Na hilo la kusuuza lina uzito wake. Je, wajua kwamba bakteria hawa hawaelei majini? Wamejishika kama utando juu ya sponji ya chujio, kokoto, mawe na kuta za kioo. Ndiyo maana unaweza kubadilisha nusu ya maji ya tangi lililokomaa bila kudhuru kitu, lakini ukiitoa sponji ukaikamua chini ya bomba mpaka ikang'aa, umerudi siku ya kwanza. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo makusudi iue bakteria. Haichagui wabaya na wema. Sponji husuuzwa ndani ya ndoo yenye maji yaliyotoka tangini humohumo, na haihitaji kung'aa. Hudhurungi ile inayokera macho ndiyo mali.

Klorini ya kawaida huondoka maji yakiachwa wazi kwenye beseni siku nzima, na haraka zaidi pampu ya hewa ikiwashwa. Lakini zipo mamlaka za maji duniani zinazotumia kloramini, ambayo ni klorini iliyofungamanishwa na amonia. Hiyo haitoki kwa kuachwa juani. Inahitaji dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Maji ya kisima hayana klorini, ila yana mambo yake. Kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo kinaweza kukuletea nitrati nyingi kabla hujatia hata samaki mmoja. Yapime kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani. Amonia majini ina sura mbili. Moja ni amonia yenyewe, inayopenya matamvua na kuua. Nyingine ni amoniamu, ambayo haidhuru kwa kiasi hicho. Kinachoamua ipi ni nyingi ni pH ya maji, pamoja na joto. Kwenye nyuzijoto 25, maji yenye pH 7 yana chini ya asilimia 1 katika sura ile ya kuua. Yakifika pH 8 inakuwa kama asilimia 5. Yakifika 9, zaidi ya theluthi nzima. Kipimo kilekile cha amonia, samaki walewale, lakini tangi moja liko salama na jingine ni kaburi.

Ziwa Tanganyika lina pH ya karibu 9. Samaki wake, wale wenye mistari na mapezi ya kupendeza wanaotoka Kigoma na Bujumbura, hutafutwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani, na mmoja wao, Neolamprologus brichardi, amebeba jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akiwasafirisha kutoka Burundi. Wapo walio wadogo kiasi cha kuishi na kuzaa ndani ya gamba tupu la konokono. Ukitaka kuwafuga huna budi kuwatengenezea maji yenye chokaa na pH ya juu, na papo hapo umeifanya kila chembe ya amonia iwe kali mara nyingi zaidi. Anayeishi Unguja, ambako maji ya ardhini hupita kwenye mawe ya matumbawe, huenda anayo maji ya namna hiyo bila kutia kitu. Kwa samaki hawa sharti la kukomaza tangi halina punguzo.

Unaweza kuuliza: je, samaki akizaliwa katika maji makali kuliko hayo anaponaje? Jibu liko Ziwa Magadi, Kenya. Maji yake yana pH ya karibu 10, magadi matupu, na kwenye chemchemi zake za moto anaishi perege mdogo, Alcolapia grahami. Katika maji ya namna hiyo amonia haiwezi kutoka mwilini kupitia matamvua kama kawaida. Basi perege huyu ameacha kuitoa. Taka zake zote za naitrojeni huzigeuza kuwa urea, kama tufanyavyo sisi binadamu, na kwa samaki mwenye mifupa anayeishi majini maisha yake yote hilo ni ajabu kubwa. Kamongo naye ana hila yake. Akiwa majini hutoa amonia kama samaki wengine. Ziwa likikauka akajizika kwenye tope, hubadili mtambo na kuanza kutengeneza urea, ambayo huihifadhi mwilini hadi mvua inyeshe. Angejizika na amonia yake asingemaliza wiki.

Samaki wa dukani hana hila hizo.

Akivuka amonia anakutana na nitriti, ambayo hupanda katikati ya safari ya kukomaza, pale walaji wa kwanza wameshaongezeka na wa pili bado. Nitriti huingia kwenye damu na kuiharibu himoglobini isiweze kubeba oksijeni. Damu hugeuka rangi ya hudhurungi. Samaki anakosa pumzi ndani ya maji yaliyojaa hewa. Hapa chumvi ya mezani, kidogo tu, husaidia kweli, kwa kuwa kloridi iliyomo hushindana na nitriti mlangoni mwa matamvua na kuizuia isipite. Hii si dawa ya kienyeji. Wafugaji wa kambare katika mabwawa makubwa huitumia. Na kwa taarifa yako, ni madhara yaleyale ya damu yaliyolifanya Shirika la Afya Duniani liweke kikomo cha nitrati katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, kwa ajili ya kuwakinga watoto wachanga.

Je, wajua kwamba bakteria hawa huvuta oksijeni kuliko unavyodhani? Kugeuza gramu 1 ya naitrojeni ya amonia hadi nitrati hutumia zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Kazi hiyohiyo hula pia chokaa iliyoyeyuka majini, kama gramu 7 kwa kila gramu 1 ya naitrojeni. Kwa hiyo aliyejaza tangi kwa maji ya mvua, ambayo karibu hayana chokaa, huona pH ikiporomoka. Ikishuka chini ya 6 bakteria hulegea, wakaacha kazi katikati. Kipande cha jiwe la matumbawe ndani ya chujio kinatosha kuzuia hayo.

Tukiwa kwenye oksijeni, hesabu moja ya kushangaza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Mkazi wa huko hulazimika kutumia hita ili maji yafike nyuzijoto 26. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji hita. Maji yake yenyewe hufika 28 au 29. Tunajua maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, hivyo mtu angedhani tangi la Dar ndilo lenye shida. La. Tangi la Nairobi lililopashwa hadi 26 lina oksijeni pungufu kuliko la Dar lenye 29. Mwinuko unashinda joto.

Na kote kuwili umeme hukatika. Pampu ikisimama, maji yaliyofungiwa ndani ya chujio la chombo huishiwa oksijeni kwa saa chache, na bakteria huanza kufa mahali walipojazana. Umeme ukirudi baada ya muda mrefu, lifungue chujio na umwage maji yaliyolala humo kabla ya kuwasha, la sivyo utayarudisha yote tangini. Kwa nyumba zetu nalipenda zaidi chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa: ni la bei ndogo, limekaa wazi ndani ya tangi, na pampu yake ndogo unaweza kuipata ya betri. Machujio ya fahari ni ya nchi ambazo umeme haukatiki.

Mimea ni mshirika mwingine. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyowaweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo kikubwa cha kioo pamoja na mmea wa majini, bila kuyabadilisha maji. Majani yalipoanza kuoza na maji kuchafuka, alitia konokono, nao wakala uozo ule, na mayai yao yakaliwa na samaki. Alieleza mafanikio yale kwa oksijeni ya mmea na meno ya konokono. Hakukosea, ila wafanyakazi wake wengine hakuwaona; hata Schloesing na Müntz walikuwa bado miaka 27 mbele. Mmea wenyewe hunyonya amoniamu moja kwa moja, mara nyingi ukiipenda kuliko nitrati, na ndiyo sababu tangi lililopandwa majani mengi tangu mwanzo hukomaa kwa usalama zaidi.

Siku za kwanza maji yakigeuka kama yametiwa maziwa, usishtuke. Hao ni bakteria wa aina nyingine, wala uozo, ambao huibuka kwa haraka na kutoweka wenyewe. Anayemwaga maji yote na kuanza upya hujirudisha nyuma bure.

Kichekesho ni kwamba wapo samaki wanaokua upesi kuliko tangi. Nothobranchius, ambao jamii zao huishi katika madimbwi ya mvua ya pwani ya Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo, hutaga mayai yanayongoja kwenye tope kavu hadi msimu ujao. Wafugaji hutumiana mayai hayo kwa posta. Jamii moja ya kusini zaidi, Nothobranchius furzeri, imeonekana Msumbiji ikifikia utu uzima katika wiki 2 hivi baada ya kuanguliwa. Wiki 2, na tangi lako bado linasubiri nitriti ianze kushuka.

Namna ya kuliendesha zoezi lenyewe ni hii. Weka tangi mahali palipo imara, kwa sababu lita 54 za maji ni kilo 54 kabla ya kuhesabu kioo na kokoto, na pasipigwe na jua. Washa chujio na pampu. Tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi ifike miligramu 2 kwa lita. Ukiitikisa chupa povu likabaki, ina sabuni, irudishe. Usipoipata, tia chembe za chakula cha samaki kila siku, au kamba mmoja mbichi aoze humo ndani. Atanuka, lakini kazi itafanyika. Pima kila baada ya siku mbili tatu kwa vile vichupa vya matone vinavyobadilisha rangi. Utaona amonia ikipanda, kisha nitriti, kisha zote zikishuka. Tangi limekomaa pale unapotia miligramu 2 za amonia kwa lita na baada ya saa 24 amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri. Badilisha maji zaidi ya nusu kupunguza nitrati iliyorundikana, kisha tia samaki wawili au watatu, si ishirini. Idadi ya bakteria hufuata kiasi cha chakula; ukiwazidishia mzigo ghafla watazidiwa. Baada ya hapo robo ya maji kila wiki inatosha.

Ipo njia moja ya mkato ambayo ni ya kweli: kipande cha sponji chafu kutoka tangi lililokomaa, lenye samaki wazima wasio na ugonjwa, kikihamishwa kikiwa kimelowa. Kinaweza kupunguza wiki nyingi zikawa chache. Kwa hiyo ukienda dukani, muombe muuzaji sponji kuukuu kabla hujamuuliza bei ya samaki.